Lutuku ya Mama Mwenya na Udongo wa Kichuguu

Kibaya chajiuza, chema chajitembeza. Kule Katuba, mtaa wa Lubumbashi, lutuku ya Mama Mwenya, pombe kali ya mahindi inayopikwa nyumbani, ilijiuza yenyewe. Wanywaji waligonga geti kabla pipa halijapoa. Lakini wazo la binti yake Plamedie lilitembezwa ofisi kwa ofisi miezi saba, na hakuna aliyelikaribisha hata kwa kiti.

Wazo lenyewe lilikuwa hili: mvuke wa lutuku ukipitishwa kwenye udongo uliopashwa moto, pombe huachia maji yake ikabaki gesi ya ethilini. Ndiyo gesi inayoivisha ndizi, na ndiyo ambayo viwanda huitoa kwenye petroli ili kutengeneza ndoo na bidoni za plastiki. Plamedie, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa kemia, alitaka kuitoa kwenye mahindi. Na udongo wake ulikuwa wa kichuguu.

Jaribio la kwanza lilikufa. Aliuchoma udongo kama wachoma matofali wa Lubumbashi wanavyofanya, mpaka ukigongwa unalia. Gesi haikutoka. Mama yake alicheka hadi akashika kiuno.

"Weye, unachoma tofali ao unatengeneza dawa? Ile udongo yenye banamuke ba mimba banakulaka, banaichoma mpaka inalia?"

"Hapana, mama. Banaikausha tu."

"Basi! Ukishaiua, itakutumikia namna gani?"

Kweli, moto wa tofali ulikuwa umeziba vitundu vyote. Mvuke haukuwa na pa kuingia. Plamedie akaupasha udongo mpya kwa moto wa kiasi, akapitisha mvuke, na gesi ikatoka. Ule uliokufa hakuutupa.

Siku ya kutetea kazi yake, Chef Émile, mkuu wa maabara, alimzuia mlangoni alipomwona na chupa ya lutuku mkononi.

"Mademoiselle, hii njo kintu ya kuleta ku labo? Pombe ya kukatazwa? Andika lettre ya kuomba pardon, ao hautetee."

"Chef, unipe kwanza saa moja."

"Ya kulewa?"

Wajumbe wa jopo waliokuwa wameketi ndani wakacheka. Plamedie hakucheka. "Ya kuona," akasema, akampita.

Aliingiza mabomba mawili tanuruni, moja likiwa na udongo uliokufa, jingine na udongo hai. Lutuku ilikuwa ile ile. Kila mvuke uliotoka ulioshwa kwanza katika chupa ya maji, ili pombe na harufu yake vibaki humo, kisha ukaingia katika maji ya zambarau ya permanganati, ambayo ethilini huyapokonya rangi.

Bomba la kwanza halikubadili chochote. Zambarau ikabaki zambarau.

"Munaona?" Chef Émile akawageukia wenzake. "Bule!"

"Ile iko udongo ya kufa, Chef. Angalia ya pili."

Katika chupa ya pili mapovu yalipanda mfululizo. Zambarau ikafifia, ikachakaa, ikawa kahawia kama chai.

"Iko harufu ya lutuku njo inakula rangi," Chef akasema haraka.

"Lutuku iko moja mu mabomba yote mbili. Mbona kule haikuikula?"

Madame Albertine, mjumbe mkubwa kwa umri, aliinama juu ya chupa, akavua miwani, akaivaa tena. "Émile, huyu mutoto anajibu muzuri. Tumusikilize."

Chef Émile akasukuma mezani karatasi tupu ya barua ya radhi. "Sawa, gesi iko. Lakini aandike kwanza pardon. Na ile jina ya mama yake mu mémoire, aifute. Bila ile, sitie signature."

Jina hilo lilikuwa ukurasa wa tatu wa tasnifu yake, penye orodha ya malighafi: *Lutuku, Mama Mwenya, Katuba.* Plamedie aliiona akilini mikono ya mama yake yenye makovu ya mvuke. Akachukua karatasi, akaikunja mara mbili, akairudisha mbele ya Chef.

"Jina haitoke, Chef. Na pardon siombe. Leo siombe, kesho siombe."