Reli Iliyopita Shambani kwa Mama Lusia

Reli ya kwenda Zambia ilipokuwa inaikaribia Makambako, Juliana binti Kalinga alikuwa bado bibi harusi mpya, lakini mumewe alikuwa mtu wa kusimuliwa zaidi kuliko wa kuonekana. Timotheo alifanya kazi katika kikosi cha wapimaji wa reli upande wa Mbeya. Alishika mnyororo wa kupimia na kupigilia vigingi porini, mbele kabisa ya watu wa sururu na baruti. Walilala kwenye mahema, na mahema hayakuwa na nafasi ya wake. Juliana alibaki Luganzo, kijiji cha baba yake kwenye vilima vya Iringa, akimngoja kwa kila lori lililopanda kutoka barabara kuu.

Timotheo alikuja na vumbi la Usangu masikioni na maneno mengi mdomoni. Baada ya chakula waliketi ukumbini, blanketi moja mabegani mwa wawili, naye akaanza habari za treni. Si ile waliyokuwa wakiijenga. Alikuwa ameiona picha kwenye gazeti la zamani pale misheni: treni ya nchi ya mbali, nyeupe, isiyotoa moshi, pua yake imeinama kama ya samaki. Ilisemekana inakimbia kuliko mwewe.

"Sasa fikiria, Jule. Treni kama ile, kati ya Mbeya na Iringa. Unabandika maharage kwetu Mbeya, unapanda, unakwenda Iringa sokoni, unarudi, maharage hayajaiva."

"Na Luganzo inasimama?"

"Itaachaje kusimama? Mke wa mpima anakaa hapa."

Juliana alicheka, akafumba macho, akaisikia ikija. Reli ya kweli haikuwa na habari na Iringa. Ilipanda kutoka Mlimba kwa mahandaki, ikafika Makambako, ikageukia Usangu na Mbeya. Luganzo iliachwa kando, na huzuni ya kuachwa kando ilikuwa imetulia kijijini kama umande.

Kipupwe kilipofika Timotheo alipata likizo. Alishuka kwenye lori na gunia la vigingi vilivyokataliwa kazini, vingine vimepasuka, vingine vimepinda.

"Vya kuwashia moto?" Juliana aliuliza.

"Vya kujengea reli."

Wakaijenga. Asubuhi bonde lilikuwa limejaa ukungu mweupe kama maziwa ndani ya kibuyu, na Timotheo alizama humo mpaka ikabaki sauti peke yake. "Kushoto kidogo! Hapo hapo! Usipumue!" Juliana alisimama juu na fito mkononi, akijizuia kucheka. Kwa kupimia usawa walikuwa na chupa ya dawa iliyojazwa maji karibu na shingo. Waliilaza juu ya kigoda na kuangalia kiputo cha hewa kikitangatanga, mpaka kitulie katikati. Juliana alichana kanga yake kuukuu nyekundu, kila kigingi kikapata utepe. Hawakufuata njia ya watu, ile iliyoshuka mlima moja kwa moja kama maji ya mvua. Walizunguka polepole ubavuni.

"Treni haiupandi mlima," Timotheo alisema. "Inaubembeleza."

Siku zile Juliana hakujua kama alikuwa anatembea au anaelea. Mahali palipokuwa na jiwe bapa, juu kidogo ya nyumba ya baba yake, walipigilia kigingi kinene kuliko vyote. Hapo pakawa stesheni. Walikaa hapo wakila viazi vya kuchoma, wakawaona abiria wakishuka katika ule ukungu: wanawake wenye vikapu vya ndizi kutoka Tukuyu, mapadri, maharusi. Likizo ikaisha. Timotheo akarudi Mbeya, vigingi vikabaki, na tepe zake zikicheza kwenye upepo.

Jirani wa Juliana alikuwa mjane aitwaye Verediana, aliyeitwa Mama Lusia kwa jina la mtoto wake wa pekee. Sehemu ya mstari ule ilipita katikati ya shamba lake. Siku moja alimkuta Juliana kisimani.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, Mama Lusia."

"Vile vigingi shambani kwangu ni vya nini?"

Juliana alikuwa bado ana usingizi wa furaha. "Ni vya treni, mama. Treni ya Timotheo. Itatoka Mbeya mpaka Iringa, mbio kama mwewe!" Akajitwisha ndoo, akaondoka akicheka.

Mama Lusia hakucheka. Binti yake alikuwa ameolewa Chunya, huko kwenye tumbaku na vumbi, na alikuwa amejifungua mtoto ambaye bibi yake hajamtia machoni. Njia ya Chunya ilikuwa kwanza basi mpaka Mbeya, na basi lilimshinda Mama Lusia. Alitapika hata kabla halijaondoka. Mara mbili alishushwa njiani akiwa nusu mfu, akarudi nyumbani kwa miguu. Treni, alisikia, haitikisi.

Habari ikaenda mdomo kwa mdomo. Haukupita muda, Didas, kijana aliyekuwa akiuza chai kanisani siku za Jumapili, akasimamisha banda la nyasi karibu na lile jiwe bapa. Watoto wakawa wanapiga magoti na kuweka masikio kwenye vigingi. Wazee walipopita hapo walishusha sauti. Juliana aliyaona yote, na Mungu amsamehe, alifurahi. Ndoto aliyokuwa akiiota na mtu mmoja ilikuwa sasa inaotwa na kijiji kizima, na iliyootwa na wengi inakaribia kuwa kweli. Alijiambia atasema kesho.

Mvua za kwanza zikanyesha. Watu wakaingia mashambani. Asubuhi moja Juliana alitazama chini kutoka kwenye stesheni yao, akaliona shamba la Mama Lusia. Pande mbili zilikuwa zimelimwa, nyeusi, zimenona. Katikati, penye udongo mzuri kuliko wote, uliachwa ukanda mpana wa magugu, ukipita sawasawa na vigingi. Mjane alikuwa ameipa treni njia.

Juliana akashuka mbio kwenda kumwambia ukweli. Alimkuta amekaa mlangoni akifuma sweta ndogo ya njano.

"Chunya kuna joto, najua," Mama Lusia alisema bila kuinua macho. "Lakini ndani ya treni upepo utakuwa mkali, na nikimchukua aje kutembea huku kwetu, si atashikwa na kifua? Keti, mwanangu. Una neno?"

"Hapana, mama. Nilikuja kukusalimu tu."

Timotheo alipokuja karibu na Krismasi, Juliana hakungoja avue viatu. Alimweleza yote. Timotheo alisikiliza, akatoka nje, akasimama kwenye manyunyu akilitazama banda la Didas. Aliporudi uso wake ulikuwa wa mtu mzima zaidi kuliko alivyotoka.

"Twende kwake kwanza," alisema. "Kijiji baadaye."

Mama Lusia alimpokea kwa mikono miwili, akamwita mwenye treni. Timotheo alikataa kigoda. Alichuchumaa chini.

"Mama, hakuna treni."

"Imechelewa?"

"Haikuwepo. Mimi na Juliana tulikuwa tunacheza."

Mama Lusia alimtazama yeye, kisha Juliana, kisha ukanda wa magugu. "Mlikuwa mnacheza," alisema taratibu. "Watu wazima. Shambani kwangu."

Aliingia ndani, akafunga mlango. Haukubamizwa. Juliana angetamani ungebamizwa.

Kijijini mambo yalikuwa ya makelele. Wengine walikasirika, wengine wakacheka mpaka machozi, na tangu siku hiyo Juliana akawa na jina jipya: kila alipopita aliitwa Stesheni. Didas alikaa ndani ya banda lake tupu, akakataa kusema na mtu.

Kesho yake, mvua ikichuruzika, Juliana na Timotheo waliingia kwenye ule ukanda na majembe. Hawakuomba ruhusa. Walilima bega kwa bega, matope yakiwapanda magotini, na hawakuzungumza habari za treni. Mlango wa Mama Lusia ulibaki umefungwa siku hiyo, na siku iliyofuata. Walipokuwa wanaukaribia mwisho wa shamba, ulifunguka. Mjane alikuja na chungu cha uji na kibuyu cha mbegu.

"Mahindi yameshachelewa," alisema. "Maharage yatawahi." Alimpa Juliana kibuyu. Halafu, kwa sauti ya chini, kama anamwuliza mtu mwingine: "Lakini ilikuwa inatoka Mbeya kweli? Katika huo mchezo wenu?"

"Ndiyo, mama. Mbeya."

"Na watu walikuwa wanashuka?"

"Walikuwa wanashuka wengi."

Mama Lusia alitikisa kichwa, akaanza kufukia mbegu.

Timotheo alipokwenda kung'oa vigingi vya mlimani, alimkuta baba mkwe wake amesimama penye kigingi cha kwanza, kofia mkononi. Mzee Kalinga alikuwa na mkokoteni wa maksai na alibeba pareto ya kijiji mpaka barabara kuu.

"Acha hivyo, mkwe."

"Baba, vimeleta aibu ya kutosha."

"Aibu ni yenu. Njia ni yetu." Akaonyesha ubavu wa mlima. "Wiki jana mvua imenikuta chini. Kwa njia ya zamani ningelala huko. Nikasema ngoja nifuate hivi vitambaa vya mwanangu. Maksai hawakusimama hata mara moja. Wamepanda wakitafuna."

Ndivyo ilivyoanza. Baada ya mavuno mwenyekiti aliita watu, na watu wakaja na majembe, sururu na vicheko. Walifuata tepe ambazo sasa zilikuwa zimepauka. Penye shamba la Mama Lusia walitaka kupinda, lakini mwenyewe alikuja akiwa na panga, akawaonyesha ukingo wa shamba lake. "Pitisheni hapa. Mmenizoesha kutoa njia." Lori la pareto lilipopanda mara ya kwanza, lilipanda kwa sauti ndogo, na Didas aliwauzia chai dereva na utingo wake.

Miaka michache baadaye treni za abiria zilianza safari. Timotheo alikuwa amepata kazi ya kudumu kwenye reli na chumba Mbeya, akamwita mkewe. Juliana alifunga mizigo, kisha akaenda kugonga mlango wa jirani.

"Mama Lusia, tunakwenda wote."

Lori liliwashusha Makambako, Mama Lusia akiwa ametapika njia nzima. Mjane alipanda behewa kama mtu anayeingia kanisani, akavua viatu, akaweka nyayo zake sakafuni. Treni iliondoka. Haikuwa nyeupe wala haikuwa na mbio kubwa. Ilishuka kutoka kwenye baridi ya vilima, na uwanda wa Usangu ukafunguka pande zote, rangi ya asali, hauna mwisho. Wasukuma waliosimama na ng'ombe wao mbali kabisa walikuwa wadogo kama mawazo. Hewa ikawa ya uvuguvugu. Kila kitu nje kilikuwa kinapita taratibu na kujizungusha, miti ya karibu ikirudi nyuma, milima ya mbali ikienda nao.

"Juliana."

"Naam, mama."

"Sisi ndio tunakwenda, au wao?"

"Sisi, mama."

"Ahaa," alisema Mama Lusia, akaegemeza kichwa dirishani. Hakutapika. Alilala usingizi wa mtoto, mdomo wazi kidogo, na Juliana hakuwa na moyo wa kumwamsha ili auone uwanda uliobaki. Akakaa akimwangalia, na yeye mwenyewe akawa hajui kama ameamka.

Mbeya walifika jua likiwa limelalia mlima. Kwenye jukwaa, kando ya Timotheo aliyekuwa akipunga kofia, alisimama mwanamke mwembamba aliyeunguzwa na jua la Chunya, mkononi ameshika mtoto wa kiume aliyekwisha kumfika kiunoni. Mama Lusia aliwaona kutoka dirishani. Hakuinuka mara moja. Alitafuta viatu vyake kwa miguu, akavivaa, akafunga kanga upya kiunoni.

"Nishike mkono, mwanangu," alimwambia Juliana. "Hizi ngazi zao ni ndefu."

Wakashuka.