Gari Bila Bodi, Kengele Yenye Ufa

Watu wanaodhani kwamba lori jipya lilifika Njombe likiwa limekamilika, na milango yake na vioo vyake, hawajui kitu. Zama zile za Mwingereza lori lilishuka melini Dar es Salaam likiwa uchi: injini, boneti, usukani, magurudumu, na vyuma viwili virefu vilivyonyooka kwenda nyuma kama ngazi iliyolazwa. Hiyo ndiyo tuliyoiita chesisi. Bodi ingechongwa na fundi seremala huko liendako. Na kiti? Kiti ni sanduku la mbao ulilolifunga mwenyewe kwa kamba. Mvua ikinyesha inakunyeshea wewe, na vumbi likitimka unalila wewe. Kazi yangu ilikuwa kuendesha vitu hivyo kutoka bandarini hadi kwa wenyewe, popote walipo, kisha kurudi kwa kudandia magari ya watu na kuchukua kingine.

Niliipenda kazi ile. Nilikuwa nimepeleka chesisi kumi na moja, Tabora, Mwanza, Arusha, hata Lindi kwenye mchanga wake, bila mkwaruzo hata mmoja. Sisemi hivyo kwa kujisifu, nasema kwa sababu ni kweli. Mahali pamoja tu sikupeleka gari, napo ni kwetu. Karatasi ya Njombe ikitokea nilimwachia mwenzangu Odilo, naye, Mungu ambariki, hakuniuliza kwa nini.

Sababu ilikuwa kengele.

Mwaka arobaini na saba usharika wetu wa Mahongole uliagiza kengele ya kanisa. Watu walikuwa wamechanga miaka mitatu, mahindi, kuku, hata mayai. Mimi ndiye niliyetumwa kuileta, maana nilikuwa kijana pekee wa pale aliyejua kuendesha gari, na nilihakikisha kila mtu anakumbuka jambo hilo. Mzee wa kanisa, Yonathani, aliniambia niifunge kwa mnyororo. Nikamjibu kwamba mnyororo utaikwaruza. Kamba zangu zinatosha. Tukiteremka karibu na Kitandililo fundo likafunguka, kengele ikabingirika hadi kwenye mawe ikapata ufa wa shibiri nzima. Wakaitundika hivyo hivyo, wangefanyaje? Badala ya kulia ngooo, ikawa inalia ko! kama debe bovu.

Nami kabla hata haijatundikwa nilikwisha kutoroka. Sikumwambia mtu pole wala nisamehe. Baba yangu, mzee Gideoni, alikuwa amefariki, hapakuwa na wa kunikamata shati. Miaka saba nikakaa mbali, lakini habari hazina mlango. Abiria mwenzangu kwenye lori nililodandia, mtu wa Makambako asiyenijua, alinichekesha kwa hadithi kwamba kule Mahongole kengele ikilia watoto husema, "Methusela anatuita." Nilicheka naye bila kumwambia kwamba Methusela ni mimi, halafu usiku wote sikulala.

Basi mwaka hamsini na nne, mwezi wa Machi, Odilo akashikwa na homa. Karatasi ya Njombe ilikuwa mezani na hapakuwa na dereva mwingine. Mnunuzi alikuwa chama cha wakulima. Gari lilitakiwa kuonekana bomani Njombe Jumamosi kabla ya saa sita mchana, Bwana Shauri, yule afisa wa serikali, alikague na kutoa ruhusa ya kubeba mazao. Likichelewa, ruhusa ya msimu mzima inakwenda kwa mfanyabiashara mwingine, na wakulima watabaki na lori la kutazama. Nikasema moyoni, nitapita kwetu mbio, kichwa chini, nani atanitambua.

Ijumaa jioni nilifika Makambako nikiwa tope tupu, meno yakigongana kwa baridi. Mpokeaji wa chama alikuwa ananisubiri chini ya mwavuli. Nilipomwona nikatamani nirudi Iringa kinyumenyume. Alikuwa mzee Yonathani.

"Kamwene, mzee," nikasema.

"Kamwene." Akanitazama, akalitazama gari, akanitazama tena. "Dereva yuko wapi?"

"Ni mimi, mzee."

"Hapana. Nauliza dereva."

Nikampa karatasi yangu yenye safari kumi na moja, kila moja imeandikwa kwamba gari limepokelewa zima. Aliisoma yote, akairudisha. "Huko hawakukupa kengele," akasema. Lakini dereva mwingine hakuwepo, na yeye alijua.

Asubuhi saa kumi na mbili akaja na sanduku lake, akalifunga kando ya langu. Nikamwambia sheria ya kazi hairuhusu abiria juu ya chesisi.

"Mimi si abiria," akasema. "Mimi ni mwenye gari." Akafungua mwavuli.

Tulikwenda hivyo, mzee na mwavuli wake, mimi na hasira zangu, mvua ya usiku ikiwa imeigeuza barabara kuwa uji. Mnajua shida ya chesisi kwenye tope? Nyuma ni nyepesi. Hakuna bodi, hakuna mzigo, magurudumu hayana kinachoyakandamiza, yanazunguka tu. Kwenye bonde la chini ya Mahongole, kilima kikiwa kinaanza, nilitaka kumwonyesha Yonathani namna dereva anavyopanda. Sikusimama kukagua njia. Nikaongeza moto. Magurudumu ya nyuma yakacheza, yakachimba, na gari likakaa hadi ekseli. Injini ikazima. Ilikuwa saa moja tu, na maili thelathini hivi mbele yetu.

Juu kilimani, katikati ya miti ya miwati, kanisa lilionekana na kengele yake ikining'inia kwenye nguzo mbili.

"Hapa ni mgowe tu," Yonathani akasema.

Mgowe si jambo geni kwetu. Mtu akiwa na kazi iliyomshinda anaita, watu wanakuja na majembe, kazi inaisha, watu wanakunywa togwa. Lakini una masharti yake. Mwenye shida huita kwa kinywa chake, akitaja jina lake na shida yake. Na asiyefika kwenye mgowe wa wenzake, wake haujazi watu. Mimi nilikuwa sijafika kwenye wa mtu yeyote kwa miaka saba.

"Basi ita, mzee," nikamwambia.

"Mimi? Gari si langu mpaka nitie sahihi."

"Asubuhi ulikuwa mwenye gari!"

"Asubuhi hapakuwa na tope," akasema, akakunja mwavuli.

Nilipanda kile kilima huku nikimtukana kimoyomoyo, yeye na mwavuli wake na ukoo wake. Lakini kila hatua hasira ilipungua, na kilichobaki chini yake kilikuwa woga. Sikuogopa kutukanwa. Niliogopa kuita na asije mtu. Gari lingebaki pale bondeni, wakulima wangekosa ruhusa yao, na jina langu lingepata ufa wa pili, nao usingekuwa na dawa.

Nyundo ya kengele ilikuwa kwa mama Hulda, mjane aliyekaa kando ya kanisa. Alikuwa anapepeta maharage barazani. Alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Mtoto wa Gideoni," akasema. "Umekonda."

"Mama, naomba nyundo. Naita mgowe."

Akaingia ndani, akatoka nayo. Nilidhani atakwenda kugonga yeye, ndiyo kazi yake. Akanitia mkononi. "Miaka saba nalipiga chuma hili," akasema. "Leo lipige wewe ulisikie."

Nikaligonga. Ko! Sauti ile ilinipasua kifua. Nilikuwa nimeisikia kwenye masimulizi tu, sikujua kwamba ni mbaya kiasi hicho. Nikagonga mara ya pili na ya tatu, kama desturi ya mgowe ilivyo. Kisha nikasimama juu ya jiwe nikapaza sauti kuelekea mashambani, ambako sikuona mtu, ila mbuzi mmoja aliyekuwa akinitazama akitafuna.

"Mimi ni Methusela wa Gideoni! Ndimi niliyeipasua kengele hii. Niliambiwa nitumie mnyororo nikakataa. Nikakimbia bila kuomba radhi. Naomba leo. Na gari la wakulima limezama bondeni, ni mimi niliyelizamisha, kwa majivuno yale yale. Naita!"

Hakuna aliyejibu. Mama Hulda alichukua nyundo yake, akarudi kwenye maharage. Nikateremka bondeni macho yakiwa yameniloa, na wala halikuwa vumbi, maana siku ile vumbi halikuwepo.

Nilimkuta Yonathani amevua viatu, amekunja suruali, anachimba tope kwa mikono. Nikapiga magoti upande wa pili nikachimba pia. Sijui zilipita dakika ngapi. Nilisikia kwanza kikohozi, kisha chuma kikigonga jiwe, nikainua kichwa.

Walikuwa wanateremka kutoka pande zote. Wanaume na majembe mabegani, wanawake na mapanga na matita ya matawi ya miwati, wazee wanaotembea kwa fimbo. Wengine niliwajua, wengine walikuwa watoto nilipoondoka na sasa walikuwa na ndevu. Nilihesabu hadi sitini nikaacha. Hakuna aliyenipa mkono wala kuniambia karibu. Mwanamume mmoja alinipita akasema tu, "Kumbe kweli Methusela anatuita," na bonde zima likaangua kicheko. Nikacheka nao, kwa mara ya kwanza kicheko hicho hakikuniuma.

Kazi ilikwenda kwa wimbo. Wakachimba mfereji wa kutoa maji, wakatandika matawi kwenye njia yote ya kupanda, tabaka juu ya tabaka. Nikawaambia shida iko nyuma, panataka uzito. Wakajaza magunia udongo, kumi na mawili, wakayapanga juu ya ekseli. Nikaanza kutafuta kamba ya kuyafunga. Nikahisi kitu kizito na baridi kinawekwa begani kwangu. Yonathani alikuwa ameagiza mnyororo.

"Usipoutumia," akasema, "nakurudisha Dar es Salaam kwa miguu."

"Nitautumia, mzee. Nitatandika gunia tupu chini yake ili usikwaruze chuma."

Akaniokotea gunia tupu. "Hilo ungeweza kulifanya hata kwa kengele."

"Ndiyo, mzee. Ningeweza."

Saa tatu na nusu nikawasha injini. Safari hii sikuongeza moto. Nilitia gia ya kwanza, nikaachia klachi taratibu kama mtu anayemlaza mtoto, watu themanini wakiwa wameweka mabega. Magurudumu yakauma matawi. Gari likatikisika, likapanda shibiri, likapanda hatua, halafu likapanda kilima chote bila kusita, vigelegele vikilifuata nyuma. Nilipofika juu nilisimama juu ya sanduku langu nikapiga kelele kama mwendawazimu, na sikuona haya hata kidogo.

Tuliingia bomani Njombe saa sita kasoro dakika kumi. Bwana Shauri alizunguka gari lile mara mbili, akagusa magunia ya udongo kwa fimbo, akauliza huo ni mzigo gani. "Ni Mahongole, bwana," Yonathani akajibu bila kutabasamu. Tukashusha magunia, tukaliosha. Hapakuwa na mkwaruzo. Ruhusa ikapigwa muhuri, wakulima waliokuwa wamejaa uwanjani wakaimba, na Yonathani akatia sahihi kwenye karatasi yangu. Mahali pa kuandika hali ya gari aliandika kwa herufi kubwa: ZIMA. Kisha akaongeza pembeni, ambapo hapatakiwi kuandikwa kitu: NA DEREVA.

Jumapili nikirudi sikupita Mahongole kichwa chini. Niliingia kanisani nikakaa mbele. Baada ya ibada Yonathani alisimama akatangaza kwamba lori likishachongewa bodi, mzigo wake wa kwanza utakuwa kengele. Itapelekwa Dar es Salaam ikayeyushwe na kumwagwa upya, na Methusela ndiye atakayeiendesha, kwa mnyororo. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nalia waziwazi.

Mama Hulda hakupiga makofi. Aliinuka polepole huku nyundo ikiwa mkononi.

"Inakwenda kufanya nini huko?" akauliza. "Jana iligongwa mara tatu na mtu aliyetukosea, na watu themanini wakaacha vyungu jikoni. Nzima ingeita wangapi?"

Yonathani akaitikia kwa kichwa, akaketi.

Mama Hulda akatembea hadi nilipokaa, akaniwekea nyundo mapajani. "Watu wanataka kwenda nyumbani," akasema. "Toka ukawagongee."

Nikatoka nje, nikagonga kwa nguvu zangu zote. Ko! Watoto waliokuwa uwanjani wakarukaruka wakipiga kelele, "Methusela anatuita! Methusela anatuita!" Nikagonga tena.