Majina Elfu Nne ya Mzee Arnfinn

Mtu wa Bergen, Norwei, akisikia msaragambo, kazi ya pamoja ya kujitolea, hufikiria kufagia majani uani na kupaka rangi uzio wa jirani. Lakini watu sita waliokutana Jumamosi ile ya Novemba, katika chumba cha juu cha nyumba ya mtaa, walikuja kufagia makosa. Walikuwa watunzaji wa Naust, lugha ya programu waliyoiunda wenyewe na kuilea bila malipo. Ingunn Haukås ndiye aliyeshika sehemu ya mafaili katika maktaba ya msingi, yaani zile kazi za kila siku ambazo kila anayeandika programu kwa Naust huzikuta tayari na kuzitumia. Alikuwa ameishika miaka tisa na akiringa nayo, tena waziwazi. Siku hiyo maringo yalimtoka kabla ya saa sita mchana.

Kilichoyatoa ni barua pepe ya Arnfinn Skorpen, tarishi mstaafu wa miaka themanini na moja aliyeishi kisiwani, mbali kaskazini. Kwa miaka kumi na moja mzee huyo alizunguka kwa wazee wenzake akiwauliza majina ya kila jabali, kila ghuba na kila kipande cha malisho, na mpwa wake akamwandikia programu ndogo ya Naust ya kuyatunza. Yalifika elfu nne, yote ndani ya faili moja. Alhamisi alibonyeza kuhifadhi, kompyuta ikamjibu kwamba ruhusa imekataliwa, na alipotazama tena faili halikuwapo. Nakala pekee aliyokuwa nayo ilikuwa ya miaka sita nyuma. Wengi waliomsimulia walishakufa. Hakumlaumu mtu, aliuliza tu kama kuna namna, kwa adabu iliyomchoma Ingunn kuliko tusi.

Akafungua alichokiandika mwenyewe, akakisoma mstari kwa mstari. Ukihifadhi, Naust huandika kwanza faili jipya pembeni, kisha hulipa jina la lile la zamani. Kwenye Linux, mfumo wa kompyuta aliouzoea Ingunn tangu chuoni, jipya huchukua nafasi ya la zamani kwa pigo moja. Kwenye Windows, njia aliyoichagua ilikataa kama jina lilikuwa tayari na faili lingine. Basi huko aliamuru la zamani lifutwe kwanza, ndipo jipya lipewe jina. Na jina likikataliwa, jipya nalo lifutwe, lisibaki kama takataka. Pembeni mwa amri hizo aliandika kwamba hapo hapashindikani. Hakuwahi kujaribu.

Palishindikana. Programu ya kuzuia virusi kwenye kompyuta ya mzee ilikuwa imelishika faili jipya ikilikagua, na Windows haibadilishi jina la faili lililoshikwa namna ile. La zamani lilikuwa limeshakwenda.

Gaute, mwenzake wa siku nyingi ambaye hakosi neno, alisoma juu ya bega lake.

"Dada, hebu niambie. Windows umeiona lini mara ya mwisho?"

"Kwa mama mkwe. Krismasi."

"Ukaigusa?"

"Niliweka kikombe juu yake."

Gaute hakucheka, na hapo Ingunn akajua hali ni mbaya. Angeweza kujibu kwa barua pepe na kujificha nyuma ya maneno ya kitaalamu. Akachukua simu, akapiga, akafungua spika.

"Mzee Arnfinn, kosa si lako wala la mpwa wako," alisema. "Amri ya kufuta niliiandika mimi."

Birika lilisikika likichemka upande wa pili.

"Basi yamekwenda," mzee akasema. "Karatasi nazo nilikuwa nazitia motoni, kila nikimaliza kuzinakili."

Wakati huo Gaute alikuwa ameweka kidole kwenye mstari wa mwisho, ule wa kufuta faili la pembeni. Akamnong'oneza kwamba hapo maktaba inatoa amri lakini haisomi jibu. Mfumo ukikataa, hakuna anayejua. Ingunn akautazama mstari ule mara tatu. Kwenye Windows, faili lililoshikwa hata lisibadilike jina, halifutiki pia: huenda la mzee bado lipo.

Akamwomba mzee afungue folda ya programu na amsomee kila kilichomo. Mzee alibonyeza polepole, akasoma polepole zaidi: picha za mbuzi, barua ya kodi, orodha ya nyimbo za kanisani. Kisha akasema kuna kitu cha ajabu hapa, jina lake linaanza na naust, halafu tarakimu ovyo.

"Kina ukubwa gani?"

"Kilobaiti mia sita na kumi."

"Usikifungue. Kinakili kwanza, mara mbili."

Ilichukua dakika ishirini. Kisha mzee akafungua mojawapo ya zile nakala na kwenda mpaka chini kabisa.

"Oddnybåen," akasoma. "Mwamba uliomzamisha baba yake Oddny. Oddny mwenyewe alinitajia wiki mbili kabla ya kufa. Upo. Yote yapo, binti."

Ingunn alikaa chini, sakafuni. Mzee akamuuliza ni akili gani waliyoiweka humo ikaliokoa faili. Ilikuwa rahisi kupokea sifa, na Gaute alishainua nyusi kumhimiza apokee.

"Si akili," Ingunn akasema. "Niliamuru lifutwe, likakataa, na mimi sikusikiliza."

Mzee alicheka mpaka akapaliwa.

"Marehemu mke wangu alikuwa hivyo hivyo. Nilimwambia azichome barua zangu za ujana, akaitikia sawa. Nimezikuta mwaka jana kabatini, kazifunga kwa utepe."

Walipoagana Gaute alikuwa ameshaanza kurekebisha: jina likikataliwa, maktaba ingoje na kujaribu tena, lisifutwe lolote mpaka jipya limekaa mahali pake, na kila jibu la mfumo lisomwe. Akamwomba Ingunn aje amtajie maneno ya ujumbe wa kosa. Ingunn alisema anakuja, lakini hakuinuka. Alikuwa akilia pale sakafuni mbele ya watu watano, wala hakuona haya.