Mzinga wa Kivuko cha Tatu

Mimi si mtu wa kukaa ndani. Muulize yeyote hapa Biharamulo, atakwambia Mwanne hata ukimfunga kamba ataondoka na mti. Lakini siku ya tisini na mbili ya eda ilinikuta ndani.

Mume wangu Abdulkarimu alikufa mwezi wa pili, homa ya siku tatu tu. Tangu hapo dunia yangu ikawa vyumba vitatu, ua na geti la bati. Miezi minne na siku kumi. Waliokuja kuniambia "subira" walikuwa wengi, na wote walipomaliza chai walitoka wakaenda zao.

Hesabu aliishika mama mkwe wangu, Bi Swaumu. Kila alfajiri baada ya kuswali alichora mstari wa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Mchana aliweka kigoda chake karibu na geti, akakaa. Ukiniuliza, askari jela wana likizo nyingi kuliko yeye.

Kilichoniweka hai ni safari. Abdulkarimu alikuwa mnunuzi wa asali. Huko nyuma ya Nyakahura kuna njia ya msituni inayopanda mlima ikifuata kijito na kukivuka mara tatu, wenyeji wanakiita Akagezi. Miaka sita ya ndoa aliniambia, "Mwaka huu nakupeleka," na kila mwaka ikawa mvua, au mgeni, au mzigo. Mwaka jana akatundika mzinga wa nyuki kwenye mti mmoja pale kivuko cha tatu, akarudi akicheka. "Ule ni wako, Mwanne. Utaurina mwenyewe."

Sasa wafuga nyuki wa kule wana mwiko wao: mzinga wa mtu hauguswi na asiye wa nyumba yake. Na mzinga usiporinwa mwezi wa sita, nyegere anaubomoa, nyuki wanahama. Eda yangu ilikuwa inaisha mwezi huohuo wa sita. Nikasema, Mungu huyu ananijua.

Basi nikapanga. Jirani yangu Clotilda, Mhangaza wa Mabawe, alininunulia buti za mvua na kuniulizia kibali cha kuingia msituni. Siku hiyo ya tisini na mbili akamleta kaka yake Nyandwi, mfuga nyuki aliyekuwa akipanda na marehemu. Mwanaume haingii kwa mwenye eda, kwa hiyo alisimama nje ya geti, mimi nikasimama ndani, na Bi Swaumu katikati kwenye kigoda chake.

"Shikamoo mama," Nyandwi alisema kwa nje.

"Marahaba. Sema njia, usiseme mengine."

Akasema. Muondoke alfajiri. Kivuko cha kwanza maji ya magoti. Cha pili kina mawe matatu, lile la pili linateleza, pitia kushoto. Hapo mnapumzika, mnakula viazi. Kisha mwinuko, shikilia mizizi. Cha tatu ndio mti wenyewe. Nilimwomba arudie mara saba, hadi nikawa nayasikia maji miguuni. Machozi yalinitoka kwa hamu. Hata kufungwa kuna kipimo chake jamani!

Kabla hajaondoka alipitisha bakuli chini ya geti. "Asali ya Akagezi, dada. Uonje."

Nikachovya kidole, nikalamba. Nilitapika pale pale uani, mimi ninayekula asali tangu meno ya utotoni.

Bi Swaumu aliinuka taratibu. "Damu yako uliiona lini mara ya mwisho?"

"Kabla ya msiba. Si wewe mwenyewe ulisema huzuni imeifunga?"

Kweli alisema. Wote walisema. Miaka sita bila mtoto, nani angewaza jingine? Clotilda akakimbilia duka la dawa, akarudi na kipimo. Mimba.

Bi Swaumu alikaa chini kwenye vumbi akalia kwa sauti. Abdulkarimu alikuwa mwanawe wa pekee. Alinishika tumbo kwa mikono miwili akaniita mama. Kisha akachukua kitambaa chenye maji, akaenda jikoni, akaifuta mistari yote tisini na miwili.

"Mwenye mimba eda yake ni mpaka ajifungue," alisema.

Mwezi wa kumi, pengine wa kumi na moja. Nilimpenda mtoto yule tangu dakika ile, Mungu ni shahidi. Na dakika ileile nilitaka kulipiga teke geti lile hadi lianguke barabarani. Nilizipiga buti ukutani, nikajifungia chumbani siku mbili.

Sikuomba radhi wala sikuombwa. Wiki zikapita, mwezi wa sita ukaingia. Asubuhi moja nikamkuta Bi Swaumu amekaa kwenye kigoda chake, mgongo kwa geti, anajaribu kuingiza mguu kwenye buti zangu.

"Mama, unafanya nini?"

"Mimi si wa nyumba yako?" alisema bila kuniangalia. "Nyandwi ananisubiri nje. Mjukuu wangu hatazaliwa mzinga wa baba yake umeliwa na nyegere."

Mwanamke wa miaka sitini na mitatu, goti bovu, hajawahi kupanda hata kichuguu! Nilimwonea wivu. Angeyakanyaga maji yangu, angeugusa mti wangu. Nikapiga magoti, nikamkunjia suruali ya marehemu aliyokuwa ameivaa ndani ya buti. Nikampa fimbo na viazi.

Akatoka. Nikasikia komeo likisukumwa kwa nje, mazoea tu.

"Mama!" nikaita, mdomo kwenye bati. "Jiwe la pili linateleza. Pitia kushoto!"

"Najua, mwanangu," alijibu, tayari kwa mbali. "Nilikuwepo."