Mtihani wa Paiki

Kiprop hakuwa amewahi kuvua samaki maishani mwake. Ziwa Victoria alikuwa ameliona kwenye ramani ya darasani, na hata siku hiyo alikuwa amekaa nyuma. Lakini yule Mfini wa ghorofa ya juu, kwenye jengo alilokuwa akilinda mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, hapa Doha, alipomuuliza kama Wakenya wanajua kuvua, Kiprop alisimama wima kama aliyesikia wimbo wa taifa, akajibu, "Sana, sir."

"Sana?" nilimuuliza jioni, alipotusimulia chumbani kwetu Muaither. "Wewe mtu wa Kericho? Ulikuwa unavua nini, majani chai?"

"Aliuliza Wakenya, Levis. Hakuniuliza mimi." Akamgeukia Philipo. "Na huyu si Mkenya?"

Philipo alikuwa amejilaza kitanda cha chini, miguu juu ya ukuta. Siku nzima alikuwa ameendesha watoto wa tajiri wake, shule, dukani, shule tena. Yeye ni wa Mbita, kando ya ziwa lenyewe. Ukimsikia akiongea utadhani alizaliwa ndani ya wavu.

"Msiniingize kwenye uongo wenu," alisema, lakini aliketi.

Habari ilikuwa hivi. Mfini yule ana dada yake kwao Ufini, mwenye kambi ya wageni kando ya ziwa. Kila mwaka barafu inapoyeyuka, watu hutoka mbali kuja kumvua samaki mmoja aitwaye paiki. Kiprop alituonyesha picha kwenye simu: lisamaki lirefu, la kijani, mdomo kama wa bata na meno kama ya mkopeshaji. Mama huyo alitaka mtu wa kukaa na wageni kwenye boti. Ulikuwa mwezi wa Machi, barafu ilikuwa inaanza kulegea, na aliyekuwa amemtegemea alikuwa amevunjika mguu.

"Atanipima kwa video," Kiprop alisema. "Ijumaa asubuhi. Nimpigie nikiwa baharini, anione nikirusha, nikivuta, na nikishamtoa majini, anione nafanya naye nini. Samaki yeyote mwenye meno atamkubali, amesema, mradi anayevua ni mimi na si mjomba wangu."

Nilitaka kucheka, ila nilijua kilichokuwa nyuma ya hayo. Kampuni yao ya ulinzi ilikuwa imepoteza tenda ya lile jengo. Walinzi wote walikuwa wanarudishwa nyumbani mwisho wa mwezi, na tikiti zilishakatwa. Na nyumbani kwa Kiprop hakukuwa na kazi ya kurudia. Chai aliyokuwa akichuma kabla ya kuja huku sasa inachumwa na mashine, ambayo haiombi likizo wala haiugui mgongo. Mke wake, Jeptoo, alishamwambia kwa simu, bila hasira, kwamba akirudi waanze kufikiria kuhamia kwa wazazi wake yeye Jeptoo. Kwa Kiprop hilo lilikuwa sawa na kuambiwa avae sketi.

Basi Philipo akawa mwalimu. Fimbo ya kuvulia aliiazima kwa dereva mwenzake Mfilipino. Kila jioni alimpeleka Kiprop kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya nyumba, akamfungia chupa ya maji mwisho wa mshipi, na Kiprop akaivua chupa ile mpaka majirani Wapakistani wakaleta viti.

"Usivute kama unavuta ng'ombe, omera, ndugu yangu! Mpe nafasi. Mvute, mwache. Mvute, mwache."

"Ng'ombe angekuwa ameshafika nyumbani," Kiprop alinung'unika.

Nami nilikuwa chupa ya pili. Philipo alinishikisha mshipi nikimbie huku na huku nikijifanya samaki. Nilikuwa samaki mbishi sana, nadai haki zangu, nataka kuongea na mudir, yaani meneja.

Sehemu ya kurusha na kuvuta ilienda vizuri. Ya tatu ndiyo iliyotuletea mjadala.

"Akishamtoa majini," Philipo alisema, "hapo ndipo mwajiri anajua kama wewe ni mvuvi au ni mtu aliyebahatika. Samaki hatupwi hapo anarukaruka kama mtoto mgonjwa. Unampiga kichwani mara moja, anapumzika. Unapaa magamba. Unapasua, unatoa matumbo, nyongo isiguse nyama. Unamsuuza. Hiyo ndiyo heshima."

"Mimi TikTok nimeona wazungu wakimvua samaki," nikasema, "wanampiga busu, wanampiga picha, halafu wanamrudisha majini. Kweli kabisa. Anaondoka hivi, hata asante hasemi."

Walicheka wote wawili. Nami nilicheka, maana nilikuwa nimeisema kwa sauti ya mapenzi, midomo mbele.

"Hao wa kubusu ni watalii," Philipo alisema akipangusa macho. "Huyu mama anaajiri. Nani anaajiri mtu wa kutupa chakula? Kijana, hebu toka hapo."

Kwa hiyo Kiprop alijifunza kupasua. Tulinunua samaki sokoni, jikoni kukanuka mpaka jamaa wa chumba cha pili wakatishia kutuhamisha. Sijui ni nini, labda ni mikono ile ya kuchuma chai, lakini alikuwa na kipaji. Kisu kilipita tumboni kama zipu. Siku ya mwisho Philipo alisimama tu ameweka mikono kiunoni, hana la kusahihisha.

"Huyu wamemzalia mahali pabaya," aliniambia.

Ijumaa tulipanda basi mapema hadi Wakra, fimbo ikiwa imefungwa kwenye shuka la hoteli ninakofua. Baridi ilikuwa imeisha na joto halijaanza, zile wiki chache ambazo Doha inajifanya mji wa kawaida. Tulishuka kwenye mawe ya ufuoni. Mbangladeshi mmoja mzee alikuwa hapo tayari na fimbo yake, ndoo na kiwavu cha mkononi. Kila mtu humwita Bhai, nasi tukamwita hivyo.

"Samaki iko, Bhai?" Philipo aliuliza.

Bhai alitazama maji, akatutazama sisi, akamtazama Kiprop aliyevaa shati la kazini lililopigwa pasi na viatu vyeusi vya ulinzi vinavyong'aa.

"Leo mafi samaki," alisema, yaani hakuna. "Leo maji lala."

Kiprop alipiga simu hivyo hivyo. Mimi nilikuwa mshika kamera. Mama alitokea kwenye kioo, nywele nyeupe, koti zito, nyuma yake dirisha na nje ya dirisha weupe mtupu. Alikuwa na sauti ya upole, ya mtu asiyependa kupoteza maneno. Alisema habari za asubuhi, akasema anzeni, akanywa kahawa yake.

Kiprop akarusha. Samaki wa plastiki wa chambo aliruka angani vizuri, akatua mbali bila kelele. Mvute, mwache. Hakuna kitu. Akarusha tena. Hakuna. Nilimwona mama akiitikia kwa kichwa taratibu kila fimbo iliporudi nyuma, akiridhika na mkono, lakini hakuwa ameomba kuona mkono tu. Jua lilipanda. Kola ya Kiprop ililowa. Philipo alikuwa anaomba kwa Kijaluo, na nadhani alikuwa anamtisha Mungu kidogo.

Halafu fimbo ikapinda.

"Mwache!" Philipo alipiga kelele. "Mwache aende! Sasa mvute! Ee, omera, taratibu, taratibu!"

Sijawahi kuona mtu akipigana kwa adabu namna ile. Mshipi ulikata maji kulia, ukakata kushoto, na Kiprop akaenda nao juu ya mawe kwa viatu vile vya kuteleza, midomo ikimcheza, hakuanguka. Bhai aliacha fimbo yake akaja na kiwavu. Walipomtoa, nilisahau kazi yangu nikashika simu kichwa chini. Alikuwa mzia, mrefu kama mkono wangu mzima, amenona tumboni, meno nje.

"Mama!" Kiprop alisema, na sauti ilimtoka nyembamba kama ya mvulana. "Mama, unamwona?"

"Namwona," mama alisema. Alikuwa ameweka kikombe chini, amesogea karibu. Alikuwa anatabasamu. "Mzuri sana. Jike mkubwa. Umefanya vizuri sana, Kiprop. Sasa nionyeshe."

Naye akamwonyesha.

Alimpiga kichwani kwa jiwe, mara moja tu, kama alivyofundishwa. Kisu kikatoka mfukoni. Magamba yaliruka kwenye jua, tumbo likafunguka kama zipu, matumbo yakatoka yote kwa mkono mmoja, nyongo nzima, bila doa. Philipo alikuwa anapumua kwa sauti. Mwisho kabisa Kiprop aliingiza vidole viwili akatoa mayai, mifuko miwili ya njano iliyojaa, akaiinua mbele ya kamera kwenye viganja vyake kama anayetoa sadaka. Kwa Philipo hicho ndicho kipande cha mgeni wa heshima.

Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika simu, kwa hiyo mimi ndiye niliyeona uso wake. Mama hakupiga kelele. Alijiziba mdomo kwa mkono, akauacha hapo.

"Mama?" Kiprop alisema. "Haya ni mayai yake. Ni ya kwako."

"Alikuwa wa kurudishwa," mama alisema.

Philipo alisogea akachungulia simu.

"Hapa kwetu, barafu ikiyeyuka, majike wanakuja pembeni na mayai," alisema polepole. "Wageni wanamshika, wanamwona, wanamrudisha. Kila mmoja. Yule wa leo anaweza kuwa na umri wa mwanangu. Nisiporudisha, sina ziwa. Sikukuambia kwa sababu..." Alitafuta neno. "Sijawahi kuhitaji kumwambia mtu."

"Naweza kurudisha," Kiprop alisema. Bado alikuwa ameshika mayai. "Mama, nikipata mwingine namrudisha. Hata sasa hivi. Ngoja."

"Najua unaweza. Una mkono mzuri." Ilikuwa kweli kwamba alisikitika, na hilo ndilo lililokuwa baya; mtu akikutukana unajua mahali pa kushika. "Lakini kuna kijana mwingine kutoka Estonia, naye anajua. Jumatatu lazima niwe nimeamua, na nimeshaamua. Pole sana, Kiprop."

Kioo kikawa cheusi. Nikajiona mwenyewe ndani yake, mdomo wazi.

Philipo alinigeukia kwanza, kwa vile hakuwa na mwingine wa kumgeukia. "Na wewe ulijua!"

"Nilisema."

"Ulisema ukicheka!"

"Mimi kila kitu nasema nikicheka, Philipo. Ungetaka nilie ndiyo unisikie?"

Philipo alichuchumaa akaanza kumsuuza yule mzia kwenye maji, ndani na nje, kwa uangalifu, kama mtu anayeosha mgonjwa.

Kiprop alikuwa ameshafunga samaki mwingine wa plastiki. Alirusha. "Levis, simu yako ina chaji?"

"Ipo."

"Ishike tayari. Nikimpata, piga."

"Bro, amesema..."

"Nimesikia alichosema. Piga tu akitokea."

Nilikuwa na utani wa aina tatu hivi tayari kinywani, niliuhisi hapo, nikaumeza wote. Philipo alimwambia apumzike, hakupumzika. Tulimwambia ale mkate, hakula. Adhana ya Ijumaa ilisikika kutoka mjini, Bhai akaenda kuswali akarudi, na Kiprop bado alikuwa anarusha, shati limekauka na chumvi mgongoni.

Alimpata mmoja mchana. Mdogo, hata si mzia, samaki fulani wa fedha wa urefu wa kiganja, ndoana imemwingia ndani sana. Nilipiga. Simu iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Nilimwangalia Kiprop nikatikisa kichwa.

"Endelea kurekodi basi," alisema. "Tutamtumia."

Nikarekodi. Alilowesha mikono kwanza; sijui alikuwa ameona wapi. Alifungua mdomo wa samaki kwa kidole, akaitoa ndoana kidogo kidogo, akimwambia maneno kwa Kikalenjin. Ilichukua muda. Halafu akashuka mawe na viatu vyake vyeusi mpaka maji yakamfika magotini, akamlaza samaki majini, akafungua vidole.

Philipo aligeuza uso. Alikuwa hajawahi kuona samaki akiachwa.

Yule samaki alikaa pale pale. Alipepea pezi moja, akalala ubavu, tumbo jeupe juu. Kiprop alimsukuma kwa kidole. Akamgeuza akae wima, akamshika hivyo, akaachia. Akalala tena.

"Nenda," Kiprop alimwambia. "Nenda basi. Si nimekuachilia?"

Wimbi dogo lilimleta hadi kwenye mawe, karibu na miguu ya Bhai. Bhai alisubiri kidogo kwa heshima. Kisha akainama na kiwavu chake, akamchota, akamtia kwenye ndoo.

"Khalas, sadiq," alisema, yaani basi, rafiki.

Nilizima kamera. Kiprop alibaki amesimama majini, mikono bado imefunguka mbele yake.