Kiondo Kilichorudi Kitupu

Kiondo cha Winfred kilikuwa juu ya meza ya Ruguru tangu wiki ile ya maafikiano ya bajeti, kimeacha mdomo wazi kama mtu aliyeuliza jambo akanyimwa jibu. Kilikuwa cha katani, chenye mistari ya kahawia iliyofubazwa na jua, na mikanda yake ya ngozi ilikuwa imelainika kwa kushikwa na mikono ya wanawake wawili. Kilikuja na nduma. Nduma zililiwa zikaisha. Kilichobaki ni kukirudisha, na hapo ndipo Ruguru alipokwama.

Huku Kibugu kiondo cha jirani hakirudi kitupu. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo, wala hakuna aliyewahi kuijadili. Ukikosa ndizi unatia viazi, ukikosa viazi unatia majani ya malenge, na siku ambayo nyumba haina kitu unatia hata maharagwe ya kujaza kiganja. Kiondo hicho kilikuwa kimevuka ua wa nyumba hizo mbili tangu wanawake hao walipoolewa kijiji kimoja, na ilikuwa imesahaulika ni nani aliyeanza kumpa mwenzake.

Maafikiano yenyewe waliyasikia kituoni, pale wakulima wanapopimiwa majani yao ya chai. Lori lilikuwa limechelewa, ukungu wa Julai umeshuka hadi juu ya mabati. Mheshimiwa Mwaniki, mwakilishi wa wadi, alifika na viatu vinavyong'aa, akasimama penye tope dogo. Kwa miezi mingi bunge la kaunti lilikuwa limegawanyika juu ya bajeti. Upande mmoja ulitaka barabara, wa pili ulikataa kodi mpya, na mishahara ikasimama katikati kama ng'ombe aliyegoma darajani.

"Tumekubaliana," Mwaniki alisema. "Barabara itajengwa na kodi haitapanda. Kila upande umeachia kitu."

"Na hicho mlichoachia kilikuwa cha nani?" Ruguru akauliza.

Watu wakacheka. Mwaniki naye akacheka, kisha akaona kwamba aliyeuliza hacheki, akamwita kwa jina la mwanawe.

"Mama Murithi, waliokwisha kustaafu kazi ya kaunti hawataguswa. Bima yao ya matibabu itaendelea, wao na waume zao, au wake zao. Ila wanaostaafu kuanzia mwezi huu, marupurupu yatapunguzwa kidogo. Na bima tumeisimamisha kwanza."

"Kwanza mpaka lini?"

"Mpaka uchumi usimame."

"Ukisimama uambie unipitie nyumbani," mzee mmoja alisema kutoka nyuma. "Mimi nitakuwa nimekaa."

Walicheka tena, na mara hii Winfred, aliyekuwa kando ya Ruguru, alicheka pamoja nao. Kilikuwa kicheko kifupi, cha mtu asiye na neno. Lakini kati ya vicheko vyote, Ruguru alikisikia hicho tu.

Wote wawili walikuwa wamefua mashuka ya hospitali ya kaunti kwa miaka mingi, bega kwa bega kwenye mvuke ule ule. Winfred alistaafu mwaka uliopita. Ruguru alikuwa anastaafu mwezi huo. Na kilichouma ni kwamba Ruguru ndiye mkubwa. Kijiji kizima kilijua. Alimbeba Winfred mgongoni kwenda mtoni, akamfuta kamasi, akamfundisha kufunga kitambaa. Siku walipokwenda pamoja kuandikiwa vitambulisho kambini kwa chifu, hakuna aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa. Karani aliwapima kwa macho. Alimwona Winfred, mrefu kama mgomba, akampa miaka zaidi. Alimwona Ruguru, mfupi na mwembamba, akampunguzia. Walicheka njia nzima ya kurudi. Ruguru alifurahi kuliko mwenzake, kwa kuwa serikali yenyewe ilikuwa imemwandika msichana. Hakuna aliyewaza kwamba siku ya kustaafu ingehesabiwa kwa kitambulisho hicho.

Sasa mstari wa wanasiasa ulikuwa umepita katikati yao, na mtoto aliyembeba mgongoni alikuwa ng'ambo, mahali pakavu.

Angeweza kuvumilia kama ingekuwa ni yeye tu. Lakini palikuwa na Njagi, mumewe, ambaye kifua chake kiliharibiwa na vumbi la machimbo ya mawe. Bima ya kazi ya Ruguru ndiyo iliyomfikisha kwa daktari wa mapafu na kumletea dawa za kuvuta puani na mdomoni. Kazi ikiisha, na bima hiyo inaisha. Winfred naye alikuwa mjane. Ireri wake alizikwa mwaka juzi chini ya mparachichi. Kadi yake mpya ya bima ilikuwa na nafasi ya mume, na nafasi hiyo ilikuwa wazi, kama kitanda kilichotandikwa katika nyumba isiyo na mgeni.

Wivu haukumjia Ruguru kwa kishindo. Ulimjia kanisani, Jumapili, Winfred alipotoa miwani mipya yenye fremu nyekundu, aliyoipata kwa ile bima, akaivaa, akafungua kitabu cha nyimbo. Zamani alikuwa akikisukuma mbali mpaka mkono unyooke, na Ruguru akimnong'oneza maneno. Siku hiyo aliimba beti zote mwenyewe. Ruguru aliyajua maneno yale kwa moyo, lakini hayakutoka. Aliitazama ile fremu nyekundu mpaka wimbo ukaisha, na ndani yake kitu kilikuwa kinachemka polepole, kama sufuria ya githeri iliyosahauliwa motoni.

Kesho yake, kabla watu hawajatoka kwenda mashambani, alikichukua kiondo mezani. Alipita karibu na gunia la viazi. Alipita karibu na mkungu wa ndizi uliokuwa umeanza kuiva. Hakutia kitu. Alivuka ua, akakitundika kwenye lango la Winfred, akarudi haraka bila kubisha hodi. Kwa muda mfupi alijisikia mwepesi. Halafu alipokuwa akiwasha moto alijiona kama mtu aliyemtukana mkwe.

Winfred alikuja asubuhi hiyo hiyo. Alimkuta Ruguru katikati ya chai, akichuma, kapu mgongoni. Alikuwa amevaa miwani yake, na kiondo kilining'inia mkononi.

"Kiondo changu kilifika, Mama Murithi."

"Nimeona nikirudishe."

"Kumbe ni wewe. Mimi nilidhani panya wamekula kilichokuwemo."

Ruguru aliendelea kuchuma. Vidole vyake viliijua kazi hiyo bila kusaidiwa na macho.

"Sema basi," Winfred alisema. "Mimi si mgeni wako. Ni miwani?"

"Wewe mtoto, niache nichume."

"Ni miwani. Nilijua. Uliacha kuimba." Akaivua, akaifuta kwa khanga, akaishika bila kuivaa. "Sikia. Nilipokwenda kuchukua kadi, nilimuuliza yule msichana wa dirishani. Nikamwambia, hii nafasi ya mume imebaki wazi, siwezi kumwandika mume wa jirani? Kifua chake ni kibovu."

Mkono wa Ruguru ulisimama juu ya majani.

"Akasemaje?"

"Akaangua kicheko. Akaniambia, 'Labda akuoe, mama.'"

"Nawe ukamjibu nini?"

"Nilimwambia nitamuuliza mwenyewe."

Winfred alicheka kicheko kile kile kifupi cha kituoni, na sasa Ruguru alisikia jinsi kilivyokuwa kikavu. Kutoka nyumbani, juu ya mashamba, kikohozi cha Njagi kilianza. Kilikuwa kirefu, cha kupanda na kushuka, kisha kikatulia. Wanawake wote wawili walikuwa wamegeuza nyuso upande wa sauti. Ila Winfred alichelewa kuurudisha wake.

"Kila asubuhi namsikia," alisema. "Nikiamka, kabla sijakumbuka chochote, namsikia anakohoa, na wewe unamgombeza avae sweta. Mimi kwangu ni kuku tu." Akaivaa miwani tena. "Hata ningepewa kadi kumi, Mama Murithi, nyumba yangu ingebaki hivyo hivyo. Wakati mwingine huo ugomvi wenu wa sweta naufungia dirisha nisiusikie."

Ruguru alitafuta neno alilokuwa amelihifadhi wiki zote hizo, lenye makali, akakuta halipo mahali alipoliacha. Winfred alikiweka kiondo chini, kati ya mistari ya chai, kikiwa kitupu vilevile.

"Nakiacha. Utajua mwenyewe."

Akaondoka akiinua sketi isishike umande.

Jioni, jua likiwa bado limeshika vilele vya miti ya msituni, Ruguru alikata chane moja ya zile ndizi zilizoanza kuiva, akaitia kiondoni. Akaongeza viazi. Njagi alikuwa amekaa nje kwenye kiti chake, blanketi mapajani.

"Mpelekee Winfred," Ruguru alimwambia.

"Mimi? Si utaenda wewe?"

"Wewe. Nenda polepole. Akikupa uji, unywe. Usiharakishe kurudi."

Njagi alimtazama, kisha akasimama, akakitwaa kiondo.

"Na hiyo sweta," alisema Ruguru.

"Nimeivaa, mwanamke. Huoni?"

Alimtazama akishuka njia, akipumzika penye ua, akipotea. Kisha akarudi kwenye mistari ya karibu, ingawa lori lilikuwa limeshapita na majani hayo yangesubiri mpaka kesho. Alichuma. Ng'ambo, kikohozi kilianza, kikatulia. Kiti kikaburutwa. Sauti ya Njagi ikasema jambo ambalo hakulisikia vizuri, na baada yake Winfred akacheka, kicheko kirefu, kile cha zamani cha kwenye mvuke wa mashuka, ambacho kijiji hakikuwa kimekisikia tangu Ireri azikwe.

Ruguru alisimama wima. Kitu kilimchoma chini ya mbavu, wivu ule ule wa kanisani, kwa makali yale yale. Aliweka kiganja juu yake, akasubiri, akisikiliza kama mlango utafunguliwa, na kama mumewe ataanza kurudi kabla giza halijaingia.