Barabara ya Shemeji

Msusi alijiunga na kikundi cha kuchora ramani ya mtaa kwa sababu dada yake alimsihi. Kiongozi alikuwa mume wa dada, yaani Shemeji, na hadi siku hiyo kikundi kizima kilikuwa yeye, simu yake na fulana yenye maandishi mgongoni.

Kazi yenyewe ilikuwa ya maana. Mtaa ulijaa watu hadi kubanana, lakini kwenye simu ulionekana mweupe, kama hakuna aliyewahi kuishi pale. Ramani waliyoijaza ilikuwa ya wazi: yeyote angeweza kuingia, akachora, akarekebisha, bila kumwomba mtu ruhusa. Watu wakajitolea. Wakapita wakiweka alama kwenye mabomba, mitaro na zahanati. Msusi, aliyekuja shingo upande, akajikuta anaipenda kazi.

Balaa lilianza watu walipogundua kwamba ramani haibishi. Muuza mkaa akakiita kibanda chake Kituo cha Nishati. Wake wawili wa seremala wakawa wanafutiana nyumba, asubuhi huyu, jioni yule. Lakini aliyewapiga bao wote ni Shemeji. Kichochoro chake kilikuwa chembamba, mikokoteni miwili ikikutana mmoja unarudi nyuma, tena kiliishia kwenye ukuta wa jiko lake. Yeye alikichora barabara ya lami, ikapita jikoni na kutokea barabara kuu.

“Shemeji, gari gani litapita hapa?” Msusi akauliza.

“Mimi nachora ya kesho. Wapangaji siku hizi wanaangalia ramani kwanza. Wakiona lami, wanakuja mbio.”

“Na wakishafika?”

“Wakishafika, si wameshafika?”

Msusi alitaka kuifuta. Dada, mja mzito, akamshika mkono. “Muache, mdogo wangu. Ndicho kitu pekee anachokiongoza.” Msusi akameza maneno, na baadaye alijuta kuyameza.

Uchungu ulimshika dada mchana, Shemeji akiwa kwenye semina akihutubia juu ya ramani zinazookoa maisha. Msusi akapiga simu kuita gari la wagonjwa.

“Nimepaona,” akajibu mpokea simu. “Mna lami hadi mlangoni, mna bahati nyie.”

“Hapana, hiyo lami siyo—” Simu ikakatika.

Gari likaja kwa kasi, likaingia kichochoroni, likakwama kama kizibo kwenye chupa. Tairi moja likazama mtaroni.

“Barabara iko wapi?” dereva akafoka.

“Iko kwenye simu ya shemeji yangu,” Msusi akasema.

Milango ya mbele haikufunguka. Muuguzi akatokea dirishani, akatambaa juu ya boneti, akaruka hadi mlangoni kwa dada. Mtoto, wa kike, alizaliwa kwenye mkeka sebuleni, akilia kwa sauti ya kudai haki yake. Lakini damu ya mama ilikuwa haikatiki vizuri, na muuguzi alitaka wafike hospitali haraka. Kurudi nyuma hakukuwezekana. Mbele kulikuwa na jiko.

“Vunjeni,” Msusi akawaambia majirani.

Wakaja na nyundo na sururu, na wengine, tuseme kweli, na furaha. Shemeji alifika na fulana yake ukuta wa pili ukianguka.

“Jiko langu! Nani kawaruhusu?”

Dada akainua kichwa kwenye machela, midomo imemkauka. “Wapishe, mume wangu. Barabara inapita.”

Tairi likainuliwa, gari likasukumwa, likapita juu ya mafiga na sufuria, likampakia dada na mtoto, likatokea barabara kuu na kutoweka likipiga king'ora.

Dada alipona. Kando ya kitanda chake Msusi akaifuta lami na kuandika: kichochoro, magari hayapiti. Keshoye Shemeji akairudisha, pamoja na picha yake amesimama kwenye kifusi na maneno kwamba kikundi kimefungua njia mpya kwa kushirikiana na wananchi. Pongezi zikamiminika kutoka kwa watu wasioujua mtaa. Waliokuwa wanaujua walihama kikundi wakamfuata Msusi, wakaendelea kuchora mitaro yao.

Dada hakugombana na mtu. Alirudi na mtoto, akakaa kitandani, akasema ana njaa. Mwezi mzima Shemeji alipika peke yake pale palipokuwa na jiko, bila ukuta, na wapita njia wakisimama kuchungulia sufuriani na kumuuliza kama chumvi imetosha.